Zenaida Moreno Varela na Nyumba za Cova da Nogueira

Ndugu, majirani, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa nafasi: anayelazwa hapa leo, tarehe 13 Machi 2024, ni Zenaida, ambaye wengi wenu mlimwita Naída.

Alizaliwa Lisbon tarehe 14 Machi 1996, kifungua mimba wa Bwana Adriano Varela, mwashi, na Bi Filomena Moreno, msafishaji wa ofisi. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Santiago, Cabo Verde, wakajenga nyumba yao katika mtaa huu wa Cova da Nogueira kwa mikono yao, kila Jumapili mistari michache ya matofali. Wakati huo hawakuwa na vibali vya kuishi nchini, hivyo binti yao akakua akiitwa mgeni katika nchi pekee aliyoijua.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na kumaliza sekondari mwaka 2014. Darasa lake lilipokwenda Uhispania, yeye alibaki, maana hakuwa na pasi. Jioni ile alimuuliza mama yake, "Mama, hivi mimi ni wa wapi?" Bi Filomena akamsogezea sahani ya kachupa. "Wewe ni wangu. Kula."

Alifanya kazi katika duka la mikate. Lakini kazi mliyomjua nayo ni ile aliyoianza mwaka 2016, yeye na wenzake walipounda Vijana wa Cova katika chumba cha nyuma cha saluni. Waligundua kwamba wazee wetu, wakiwa na vibali vya kuishi, wanaruhusiwa kupiga kura za manispaa, na karibu wote hawakuwahi kuzipiga. Wakapita mlango kwa mlango kuwaandikisha. Mzee mmoja alimwambia, "Binti, mimi nilikuja huku kupanga matofali, sikuja kuchagua wakubwa." Naída akamjibu, "Na hao wakubwa ndio watakaokuja kuyapangua, Mzee." Mzee akaomba kalamu.

Siku moja alisimama kuuliza hatima ya nyumba zetu katika kikao cha manispaa, na diwani mmoja akamuuliza anatoka wapi hasa. Alisema, "Nimetoka kituo cha basi, mheshimiwa, na la mwisho linaondoka sasa hivi. Naomba nijibiwe kabla halijaniacha." Hata waliomchukia walicheka.

Tarehe 3 Agosti 2019 alifunga ndoa na Valdemiro Furtado, fundi wa vigae. Kwenye karamu, bibi harusi alikaa mlangoni na gauni lake, na hakuna mgeni aliyepewa sahani kabla ya kuahidi kujiandikisha. Mwaka uliofuata walijaliwa binti, Keila. Na mwaka 2021 mtaa mzima ulipanga foleni ya kupiga kura, wengine wakiwa na mikongojo. Waliochaguliwa walituahidi kwamba hakuna nyumba itakayobomolewa kabla wenyewe hawajapewa nyingine. Tuliamini. Naída aliamini kuliko sisi sote.

Mwaka 2022 figo zake zilishindwa. Tangu hapo alisafishwa damu kwa mashine hospitalini kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na kila alipotoka alikwenda mkutanoni.

Jumanne ya wiki iliyopita, tarehe 5 Machi, mabuldoza yaliingia Cova kabla watu hawajanywa kahawa. Mdogo wake, Ivo, alimsihi aende hospitali. Alikataa. "Leo mashine mbili zinaningoja, Ivo. Ile ya hospitali inanijua, itanisubiri. Hii haitamsubiri Bibi Tomásia." Akaketi kwenye kizingiti cha nyumba ya mama huyo mjane, jirani yetu, na vijana wakaketi pembeni yake. Alhamisi pia hakwenda. Jioni yake amri ya mahakama ilifika, ikaiokoa nyumba ya Bibi Tomásia, na hiyo peke yake.

Jumamosi, tarehe 9, Valdemiro alimpakia garini kumwahisha hospitali. Njiani alimuuliza mumewe kama Bibi Tomásia amekula. Hakusema tena. Moyo wake ulisimama kabla hawajafika. Angetimiza miaka ishirini na minane kesho.

Familia haitawadanganya kwamba imelipokea hili. Hatujalipokea. Wapo wanaosema alijiua kwa ukaidi. Mama yake anaomba neno hilo lisisemwe mbele ya Keila.

Ameacha mume, Valdemiro, binti, Keila, wazazi, Bwana Adriano na Bi Filomena, mdogo wake, Ivo, na Vijana wa Cova, ambao tangu Jumamosi hawajui nani aanze kusema.

Kwa desturi yetu, baada ya maziko watu hurudi nyumbani kwa marehemu kwa siku saba. Nyumba hiyo ilibomolewa juzi, Jumatatu, mwili ukiwa bado mochwari. Bwana Adriano aliomba wangoje tumzike kwanza. Waliobomoa walisema wao wametumwa tu. Kwa hiyo mtapokelewa kwa Bibi Tomásia. Walio na viti, tunaomba waje navyo.

Udongo umpokee kwa upole, apumzike mahali ambapo hakuna atakayemwambia ahame.