Bi Muhsina binti Harub, Aliyesafisha Dafaya za Sib (1922–1970)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Bibi zangu, mama zangu, na nyinyi mliotoka Matrah na Ansab mkaja kukaa nasi tangu juzi: leo tunaondoa matanga, na baba ameniamuru mimi Hind, mwanawe wa kwanza, niwasomee maisha ya mama yetu. Nitasoma kama nilivyoandika. Nikikwama, mnisubiri.

Marehemu Bi Muhsina binti Harub bin Yaarub alizaliwa tarehe 14 Machi 1922 huko Mwera, Unguja, katika shamba la karafuu la baba yake. Mama yake alifariki mwaka 1934, akaacha mtoto mchanga wa kike, Mahbuba. Muhsina alikuwa na miaka kumi na miwili. Walikuwapo wazee wa kumlea yule mtoto, lakini mtoto alikataa mikono yote ila ya dada yake. Basi Muhsina akawa mama kabla hajawa mwari.

Alisoma skuli ya wasichana mjini Unguja tangu 1931, akikaa kwa bibi yake Malindi, na akamaliza mwaka 1938. Alipendelea ushoni kuliko hesabu. Mahbuba alikaa naye huko Malindi, na siku nyingine alikwenda naye darasani kwa kuwa mtoto hakukubali kuachwa na mtu mwingine. Siku moja alikuwa akitarizi upindo wa kitambaa cha meza kilichotandikwa juu ya meza ya mwalimu, na mtoto kasinzia mapajani mwake. Sindano ikapita kitambaani, ikapita na gauni la mtoto, na yeye hakujua. Mahbuba alipozinduka akakimbia, kitambaa kikamfuata, na vikombe vya chai vya mwalimu vikafuata kitambaa. Mama alipokuwa akitusimulia hadithi hii alicheka mpaka akajifuta machozi. Baada ya mwaka 1966 hakuisimulia tena.

Alianza kazi ya kufundisha ushoni mwaka 1940, akaendelea mpaka mwisho wa 1963. Aliolewa na baba yetu, Bwana Mahfoudh bin Aflah, aliyekuwa karani wa bandari, mwezi wa Juni 1942. Wakajaaliwa watoto wawili, mimi na ndugu yangu Aflah. Mahbuba alikua nyumbani kwetu kama dada yetu mkubwa, na alitoka nyumbani humo kwenda kuolewa na Bwana Bakhit mwaka 1957. Mama alimshonea nguo zote za harusi kwa mkono wake, na siku ya kumtoa alimwambia Bwana Bakhit mbele ya watu: "Nnakupa mwanangu, si ndugu yangu. Mtunze."

Mnayajua yaliyotupata Januari 1964, na wengi wenu mna yenu. Sisi tulipata nafasi katika meli ya Maskati mwezi wa Machi. Bwana Bakhit alipata kazi Kuwait, akaondoka na mkewe kwenda huko. Dada wawili waliagana gatini wakidhani ni kwa miezi michache. Hawakuonana tena.

Tulipofika Maskati baba aliajiriwa kuwa mtunza ghala wa kampuni ya mafuta, na tukapata nyumba hii hapa Sib, karibu na soko. Mama alikuta mji usio na umeme wala skuli ya wasichana ya kufundisha. Alishona nguo za majirani na kungoja khabari za Kuwait. Khabari zilikuwa njema: Mahbuba kapata mtoto wa kike, Aliya, Mahbuba analalamika baridi, Mahbuba kanunuliwa dafaya, lile jiko la gesi wanalowasha chumbani wakati wa baridi ili kupata joto. Mama alifurahi aliposikia. Alisema, "Angalau mwanangu hatetemeki."

Tarehe 19 Januari 1966 Mahbuba na mtoto wake Aliya walifariki wakiwa kitandani, chumbani kwao Kuwait. Dafaya ilikuwa inawaka na dirisha lilikuwa limefungwa na kuzibwa kwa matambara. Bwana Bakhit alikuwa kazini, na aliporudi asubuhi aliwakuta. Sisi tulipata khabari mwezi uliofuata, kwa msafiri aliyepitia Dubai akamkuta baba sokoni. Wakati ule ruhusa ya kutoka nchini ilikuwa ngumu kupatikana, na aliyetoka bila ruhusa hakuwa na hakika ya kurudi. Mama hakuweza kwenda kuliona hata kaburi. Aliweka matanga yake humu chumbani, akiwa hana maiti wala mahali pa kuelekea.

Msafiri yule alirudi tena akiwa na salamu za Bwana Bakhit. Mama aliongea naye nyuma ya pazia. "Mwambie asinisalimie," alisema. "Nilimpa mtu akamrudisha maiti. Mwambie Muhsina hana shemegi Kuwait."

Kisha akawa anamwuliza baba swali lile lile, wakati wa chai, wakati wa kutandika, wakati wowote: "Moto gani huo usio na moshi, unaoua mtu na mwanawe wala wasiamke?"  Siku moja baba akarudi kutoka ghalani na dafaya mbovu begani. Kampuni ilikuwa nazo nyingi, kwa ajili ya kambi za jangwani ambako baridi ya Januari ni kali. Aliiweka uani. Mama aliipita wiki nyingi bila kuitazama, kama mtu aliyenuniana na jirani. Halafu nikarudi kutoka sokoni mchana mmoja nikamkuta amekaa juu ya mkeka, bisibisi mkononi, dafaya yote imefunguliwa vipande vipande mbele yake, naye analia huku anaipangusa.

Fundi wa kambi, mzee wa Kibalushi aliyekuwa rafiki wa baba, ndiye aliyekuja kumwelewesha. Alimwambia kwamba gesi ikiungua vizuri moto wake huwa wa buluu. Vumbi na masizi yakijaa, au buibui akitega utando ndani ya bomba, moto hukosa hewa, hugeuka manjano, na hapo hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Chumba kikiwa kimefungwa, sumu hiyo humwingia mtu kama usingizi. Kichwa humwuma kwanza, akadhani ni mafua.

"Basi kichwa kiliwauma," mama akasema.

"Huenda, mama," yule mzee akajibu.

Tangu hapo mama alifanya kazi hii. Kila baridi ilipokwisha kampuni ilileta dafaya za kambini hapa uani, naye akazisafisha kabla ya msimu kurudi. Nyinyi mliokuwa mkija kuazima ungo au kuomba chumvi mlimkuta na brashi yake laini ya nywele za mbuzi. Mliyasikia maneno yake, maana hakuchoka kuyasema. Funga mtungi kwanza, kisha iache ipoe kabisa. Itoe nje. Vumbi lipanguswe, lisipulizwe ndani. Kile kitundu kinachotoa gesi msikichokonoe kwa sindano, kitapanuka na moto utaharibika, mpeni fundi. Kibao cha udongo, pale moto unapowakia, kikipata ufa kibadilishwe. Mpira wa gesi ukunjeni mtazame kama umepasuka. Mkimaliza fungueni mtungi, mpake povu la sabuni kwenye maungio, na mahali panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Na yeyote aliyetaka kutafuta uvujaji kwa kiberiti alifukuzwa uani kwa kelele, hata akiwa mtu mzima mwenye ndevu.

Majirani wengine walimwona kazidi. Mnakumbuka harusi ya hapo nyuma ya msikiti, alipoingia chumba cha bibi harusi akafungua madirisha yote, na udi wote ukatoka nje. Mama wa bwana harusi alikasirika. Mama yetu alimjibu, "Nikasirikie, bibi. Nnataka kesho uwe na mtu wa kumkasirikia." Akarudi kukaa mahali pake.

Mwaka huu, tangu Sultani mpya aliposhika nchi ikafunguka mwezi wa Julai, ndugu zetu wamekuwa wakirudi kutoka Kuwait na Bahrain, na wengi wamebeba dafaya katika mizigo yao. Sib si Kuwait, lakini mzee na mgonjwa husikia baridi hata hapa, na wengine walikuwa wakipita tu kwenda Nizwa na milimani. Mama aliwafuata mpaka majumbani mwao. Na pamoja na waliorudi, mwezi wa Septemba, alikuja Bwana Bakhit.

Alikuja kwa lori, akapata kazi forodhani Matrah, na Ijumaa ya kwanza akapiga hodi hapa. Mama aliitambua sauti. Alisimama nyuma ya mlango asiufungue.

"Da Muhsina, ni mimi, Bakhit."

"Nnakusikia."

"Nimekuja kukutazama."

"Umeshanitazama. Nenda."

Aliondoka. Akawa anarudi kila Ijumaa, anakaa barazani na baba, anakunywa kahawa, anaondoka. Mama hakutoka hata mara moja, ila nilimwona anasimama pale pale nyuma ya mlango, akisikiliza.

Maradhi yalimwanza katikati ya Ramadhani. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari wa Matrah alituambia kwamba ni moyo na kwamba umeshachoka. Baada ya Idi hakuweza tena kutoka kitandani. Alikuwa akisikia baridi ambayo sisi hatukuisikia, hata mchana, hata chini ya mablangeti. Baba alitaka kuwasha dafaya yetu iliyokuwa stoo. Mama alikataa, kwa kuwa haikusafishwa tangu mwaka jana. Nikamwambia nitaisafisha mimi, kwani alikuwa amenifundisha. 

"Leo Ijumaa?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Tarehe kumi na moja."

"Akija yule mtu, mwambie aingie. Ataisafisha yeye."

Bwana Bakhit aliingia ameinamisha kichwa. Baba alikuwapo, nami nilikuwapo, nimekaa kitandani miguuni kwa mama. Mama hakumkaribisha wala hakumwuliza hali. Alisema, "Nieleze."

Naye akaeleza. Alisema moto wa dafaya ile ulikuwa wa manjano siku kadhaa, naye aliuona, akasema ataisafisha siku ya mapumziko. Mahbuba alilalamika kichwa, akamletea vidonge. Mtoto alikuwa na kifua, na upepo wa baridi ulikuwa ukiingia dirishani. Aliporudi kutoka kazini asubuhi aliwakuta wamelala, mtoto juu ya mkono wa mama yake, hawana dalili ya kuhangaika.

"Hawakuhangaika?"

"Wallahi hawakuhangaika."

 Kisha mama akauliza, "Nani aliziba dirisha?"

 Bwana Bakhit aliitazama mikono yake.

"Uliondoka dirisha likiwa wazi au limezibwa, Bakhit?"

"Da Muhsina, nyumba ilikuwa yangu. Dirisha la nyumba yangu ni langu."

Hapo mama akaelewa, nasi pia tukaelewa. Mahbuba ndiye aliyeliziba, mumewe akiwa kazini, ili mtoto wake asipigwe na upepo. Na mtu huyu alikubali kuchukiwa miaka yote ile kuliko kulitamka neno hilo juu ya mkewe. Mama alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na pumzi ikamkata mpaka baba akamshika. Alipotulia alinyoosha mkono kwenye ukingo wa kitanda.

"Kaa karibu, mdogo wangu," alisema. "Kaa nikuonyeshe inavyosafishwa."

Tulivuta kitanda mpaka penye mlango wa uani. Bwana Bakhit aliifungua dafaya juu ya mkeka, nje, katika mwanga wa jua, na skrubu zikamponyoka. Tangu Kuwait alikuwa hajagusa dafaya. Mama alimwelekeza kwa sauti ndogo, neno kwa neno, na pale alipotaka kupuliza vumbi alimgombeza kama alivyotugombeza sote. Katika bomba walikuta utando wa buibui. Aliuonyesha mbele ya macho ya mama, naye akatikisa kichwa tu. Walipaka povu la sabuni kwenye maungio wakatazama pamoja, na halikutoa povu jipya. Ndipo dafaya ikaingizwa chumbani, dirisha likaachwa wazi, na Bwana Bakhit akaiwasha. Moto ulikuwa wa buluu kote. Mama alifumba macho kwa joto lile, na rangi kidogo ikamrudia usoni. Shemegi yake alikaa hapo mpaka ilipofika wakati wa kulala, akaizima, akafunga mtungi, akaondoka.

Akawa anakuja kila siku baada ya kazi kuiwasha na kuizima. Walizungumza habari za Mahbuba. Siku moja nikamsikia mama akimsimulia ile hadithi ya gauni na kitambaa cha meza, na wote wawili wanacheka.

Mama yetu alifariki Jumanne, tarehe 22 Desemba 1970, baada ya alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba. Alizikwa jioni ile ile katika makaburi ya Sib. Bwana Bakhit alilibeba jeneza tangu mlangoni mpaka kaburini bila kukubali kupokewa. Watu walipoondoka alibaki amesimama, na baba akarudi kumchukua.

Marehemu ameacha mume, Bwana Mahfoudh bin Aflah. Watoto wawili, mimi Hind, na Aflah aliye masomoni Misri, ambaye bado anadhani mama yake anaugua tu. Mjukuu mmoja, Mahfoudha. Na ndugu yake Bakhit, ambaye mama mwenyewe aliagiza atajwe hivyo, bila neno shemegi.

Ewe Mola, mja wako huyu aliwafungulia watu madirisha. Mpanulie kaburi lake, mwondolee dhiki, mkutanishe na Mahbuba na mwanawe, na umlaze kwa amani. Amin.