Fundi Aliyesoma Kuta

Mwenyezi Mungu alimjalia baba yetu miaka themanini na mitatu. Kwa miaka arobaini ya mwisho alizitengeneza nyumba za wazee zisiwaangushe wenyewe. Tumesimama mbele ya jeneza lake tukistaajabu.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1941, mtoto wa nne wa mshona viatu, katika chumba cha nyuma ya kibanda cha kazi cha baba yake. Alisoma hadi darasa la saba. Kwenye ripoti yake ya mwisho mwalimu aliandika: "Anapima vizuri kuliko anavyoandika." Mwaka 1957 akaanza kujifunza useremala.

Tarehe 20 Agosti 1966 alifunga ndoa na mama yetu, mpishi wa shule, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1984 bibi, mkwewe, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Kila mtu alimkataza kutembea. Baba hakumkataza. Aliingia nyumbani kwake, akainama karibu na ukuta kama aliyepoteza sindano.

"Mkwe wangu, unatafuta nini?"

"Nasoma, mama."

"Tangu lini ukuta una herufi?"

"Una mikono yako."

Alikuwa akitazama alama nyeusi za viganja: mlangoni, kwenye kona, kando ya choo. Pale penye uchafu, si penginepo, ndipo alipofunga vishikio vya mbao, laini kama mpini wa jembe la zamani. Bibi alitembea miaka kumi na mmoja zaidi.

Tangu siku ile aliitwa mtaa hadi mtaa, wakambandika jina la Fundi Taratibu. Kila alipofika alikaa kwanza kwenye kiti cha mzee, akajaribu kunyanyuka. Aliondoa mazulia yaliyojikunja, akainua vitanda kwa vipande vya mbao, akashusha sufuria kutoka rafu za juu. Watoto wa wazee aliwaonya: "Msipake rangi kabla sijafika. Mtazifuta barua."

Mama alitutoka tarehe 3 Mei 2016. Tulimsihi baba ahamie kwa kaka yetu mkubwa, akagoma. Tukawa tunamkagua kila mwezi, na kila mwezi kuta zake zilikuwa nyeupe pee.

"Mzee huyu hashiki kitu!" kaka alisema, nasi tukamsifu Mungu.

Mganga hajigangi. Siku moja mwaka 2021 dada yetu wa mwisho kuzaliwa alifika bila taarifa, akamkuta amepiga magoti kando ya mlango wa choo, brashi mkononi, kopo la chokaa ubavuni.

"Baba! Unafanya nini?"

"Nafuta barua."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akasema polepole, "Mngezisoma, mwanangu, mngenihamisha."

Dada alilichukua lile kopo. "Hatukuhamishi. Ila wiki hii hupaki kitu."

Wiki ilipoisha kuta zilikuwa zimesema yote. Kaka, ambaye hajawahi kuelewana na randa, alifunga vishikio saba huku baba akimwamrisha kutoka kitini: "Shusha! Hapo atashika twiga!"

Akaishi kwake miaka mitatu mingine. Mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, na muuguzi alimtembelea kila Jumanne. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 10 Novemba 2024, aliamka mwenyewe, akapita kishikio hadi kishikio mpaka kwenye kiti chake cha dirishani, akaanza sala. Tulipofika alikuwa ameimalizia kwa Muumba wake. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya mbao.

Ameacha dada mmoja, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wawili, na wazee ambao asubuhi ya leo wameshika kazi ya mikono yake ili wafike hapa. Kuta zake hatutazipaka rangi.

Ee Mungu, yeye aliwapa wengine pa kushika. Mshike sasa, umpumzishe kwa amani.