Abiria Aliyepakatwa

Basi dogo lilipotoka Betio, ncha moja ya kisiwa chetu, mwanamume aliyekaa mbele yangu, Tebwatei, alimgeukia mama mmoja aliyepakata furushi la mkeka. "Mama, huyo samaki wako mbona hanuki?"

"Si samaki, ni mama yangu," akajibu. "Bahari imefika makaburini. Jana nilikuta mfupa wa mguu wake uko nje. Nimemfukua mwenyewe, nampeleka kwa kijana wangu, kule Bonriki."

Jirani yake alijisogeza dirishani, ingawa hapakuwa na nafasi ya kujisogeza.

Tebwatei aliacha mzaha. "Ungemwacha tu, mama. Kwetu kisima kiligeuka chumvi, magimbi yakaoza mashimoni tulikoyapanda, tukahama kijiji kizima. Wafu tuliwaacha. Siku moja nilirudi kuokota nazi, maji yakiwa yamejaa, nikawasikia wanaita. Walikuwa wanatuita sisi, kwa majina."

"Ndiyo maana wangu simwachi."

"Bonriki nako si bahari ni ileile? Utamhamisha mara ngapi?"

"Mpaka nami nihamishwe, mwanangu."

Tebwatei alifungua kinywa ajibu, dereva akafunga breki. Barabara mbele yetu ilikuwa imefunikwa na maji. Tulitazama kushoto, tukatazama kulia: bahari ilikuwa mbali, imetulia. Maji yalikuwa yanabubujika kutoka ardhini, polepole, bila sauti, hata chini ya basi letu.

Dereva alizima injini. Mama akamwinua mama yake kutoka mapajani, akamkumbatia kifuani. Sisi wengine tukapandisha miguu vitini, na Tebwatei akawa wa kwanza.