Jicho la Kulia la Mzee Jotham Mithika

Mzee Jotham Mithika alizaliwa tarehe 9 Mei 1957 karibu na Githongo, mtoto wa tatu wa marehemu Kaberia na marehemu Ntinyari. Shuleni alionekana mzembe, hadi mwalimu mmoja alipomketisha mbele kabisa ikajulikana kwamba haoni mbali. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika shamba la ngano huko Timau, akaendesha trekta, kisha kombaini ya kuvunia. Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa kanisani Runyenjes na Rwamba. Siku ya kwanza kwenda kumposa alikuwa amevunja miwani, akamsalimu dada mtu kwa maneno matamu aliyomwandalia Rwamba. Dada alimsikiliza mpaka mwisho ndipo akamwelekeza kwa Rwamba.

Wakati wa mavuno, Agosti 2011, aliona cheche za mwanga katika jicho la kushoto. Akadhani ni makapi, akaendelea na kazi. Baada ya wiki tatu kivuli kilishuka kama pazia. Utando wa nyuma ya jicho ulikuwa umebanduka, na upasuaji haukuliokoa. Daktari alipopima la kulia, alikuta sehemu nyembamba na vitundu viwili. Akashauri miale ya leza.

"Daktari, ndilo lililobaki," Mzee alisema. "Ukilichoma, nitamwona nani?"

"Nitagandisha utando kuzunguka vitundu, usibanduke hapo. Siwezi kuahidi kwamba halitaharibika kamwe, Mzee, lakini hatari itapungua sana."

Alirudi nyumbani Kiirua bila kukubali. Siku mbili hakula vizuri. Rwamba akamwambia, "Baba Kajuju, la kwanza tulingoja. Hili nalo tungoje nini?"

Alhamisi tarehe 13 Oktoba 2011 aliweka kidevu kwenye mashine, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mwanga ulimulika tena na tena. Baada ya dakika chache akaambiwa ainuke. Kombaini aliiacha, akatengeneza mashine katika karakana ya shamba hadi alipostaafu mwaka 2017.

Watoto wake, Kajuju na Munene, walikuwa wamerithi miwani minene, naye hakuwapa nafasi ya kupumua mpaka wapimwe macho. Munene alipimwa, akakutwa salama. Kajuju aliahirisha mara nne, mpaka mwaka 2019 baba yake alipompeleka mwenyewe hospitalini Embu. Alikutwa na kitundu, akatibiwa siku hiyohiyo. Leo anaona kwa macho yote mawili.

Mwaka 2024 Mzee aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Alivumilia matibabu kwa utulivu. Asubuhi ya Jumanne, 2 Septemba 2025, Rwamba alimletea uji kitandani. Mzee alimtazama kwa muda, akatabasamu.

"Mama Kajuju, sweta umeigeuza. Mishono iko nje."

Rwamba alicheka, akaenda kuivaa upya. Aliporudi, Mzee alikuwa ametutoka.

Ameacha mjane wake Rwamba, watoto wawili, Kajuju na Munene, wajukuu watano, na nduguye Mutuma. Mungu aliyempa mwanga ampe sasa pumziko la amani.