Wiki Ile Tulipomficha Binti Yetu

Mwangaluka, ndugu zangu. Mmezoea kuniona nimekaa nyuma karibu na mlango, na hata leo miguu ilitaka kubaki kule kule. Shule yangu iliishia darasa la saba, nitasema kama ninavyojua.

Mume wangu alifariki kule Nkoma wakati tunachuma pamba. Aliumwa siku mbili tu. Binti yetu alikuwa chuo kikuu, na wiki ile alikuwa anaanza mitihani. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema mtoto asiambiwe mpaka amalize, asije akafeli. Mnaijua desturi hiyo, wengi humu tumeifanya. Nami nilikubali, siwasingizii wazee.

Jumapili akapiga simu. Nyumba imejaa watu, wanalia. Nikainua mkono, wakanyamaza wote. Akauliza mbona simu ya baba haipatikani. Nikamwambia imeharibika, na baba mwenyewe yuko Mwamanyili kwa shangazi yake. Akasema nimsalimie. Nikakata simu, nikarudi kwenye mkeka, watu wakaendelea kulia.

Alipomaliza mitihani alikuja na kofia, zawadi aliyomnunulia baba yake. Aliposhuka stendi ya Bariadi, mama mmoja muuza karanga anayetufahamu akamshika mkono, akampa pole ya msiba. Ndivyo alivyojua. Alipofika nyumbani matanga yalikuwa yameisha, udongo wa kaburi umekauka. Hakulia. Alitusalimia, akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Tukasema, huyu amekomaa. Hapo tukakosea mara ya pili.

Chuo kilipofunguliwa alirudi. Haukupita muda, mwenzake wa chumbani akanipigia: haendi darasani, hali chakula, anashinda amejifunika shuka. Majirani wakasema amerogwa, wengine wakasema usomi umemtia kiburi. Mimi nilisali, halafu nikawa namgombeza kwenye simu. Siku moja akaniambia taratibu kwamba anatamani alale asiamke tena.

Mwenzake yule ndiye aliyempeleka kwa mshauri nasaha wa chuo. Mshauri akaniita. Njia nzima nilijua naenda kuambiwa binti amefukuzwa. Nikakuta dada mdogo kuliko mimi, akanipa kiti na maji, wala hakutaja mitihani. Akamwambia binti yangu aseme lile alilomwambia yeye.

Binti akasema, "Mayu, siku mnamzika baba mimi nilikuwa nakula chipsi na wenzangu. Tulicheka sana siku ile."

Nikamwomba msamaha, mimi mama yake. Mshauri akaniomba nimsimulie binti siku ile yote, nisiruke kitu. Nikamsimulia: nani alimwosha baba yake, shati gani alivikwa, akina nani walichimba kaburi, ng'ombe walivyochelewa kufunguliwa siku hiyo. Alisikiliza kama mtoto mdogo. Kisha akauliza, "Aliniulizia?"

Ndugu zangu, neno tamu lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini uongo wangu ndio uliotufikisha pale. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Hakuweza kusema tena."

Ndipo akalia. Kwa mara ya kwanza. Nami nikalia naye, na yule dada akatuacha tulie.

Hakupona siku hiyo, nisiwadanganye. Aliahirisha masomo mwaka mmoja, akatumia dawa za hospitali kwa muda, akawa anarudi kwa mshauri kila wiki. Sasa yuko mwaka wa mwisho. Kofia ile naivaa mimi shambani.

Namshukuru binti yule wa chumbani, ambaye hakuogopa kuonekana mmbeya. Namshukuru mshauri. Nanyi akina mama mliopalilia shamba langu nikiwa safarini, sikuwahi kuwaambia nilikwenda wapi. Nilikwenda huko.

Mwenye mtoto anayesoma mbali, msiba ukitokea mwambieni. Atafeli mtihani, ataurudia. Na akisema anakwenda kwa mshauri, msimcheke, hajawa kichaa.

Bado anapiga kila Jumapili. Anauliza, "Mayu, wote wazima?" halafu anangoja. Juzi nikamwambia hapana, dume la ng'ombe la baba yako limekufa, lile jekundu.

"Asante kwa kuniambia," akasema. Kisha akaanza kunisimulia jinsi dume lile lilivyowahi kumkimbiza baba yake mpaka mtoni, na tukacheka wote wawili.