Penseli ya Winchi

Kitu ambacho Winchi hajakielewa hadi leo ni kwa nini iwe penseli. Miaka thelathini alibeba milango, makabati na vitanda vya watu, hadi akapewa jina hilo la mashine ya kunyanyulia mizigo, na mgongo haukunung'unika. Siku moja akainama kuokota penseli, akabaki amejikunja vilevile kama anayesalimia sakafu. Walimtoa kwa kumshika makwapa.

Miezi mitatu imepita. Asubuhi hii alikuwa ndani ya karakana yake ya useremala, nyuma ya mlango, akiwasikiliza wenzake waliokaa nje kwenye benchi alilolichonga mwenyewe, mbele ya birika la Shangazi muuza kahawa. Kwenye mlango huo dada yake, aliyeona kazi imemshinda, alikuwa amegongelea kibao: KARAKANA INAUZWA. Waliachiwa karakana hiyo na baba yao, wote wawili. Mnunuzi anakuja leo.

— Nimechungulia kwa macho yangu, alisema Kinyozi. Kalala chali juu ya mbao, kakunja magoti.

— Kalala tu? akauliza Breki, dereva mstaafu.

— Anajipima, ndugu yangu. Anajichongea jeneza.

— Acha maneno yako!

— Sasa mbona ananyanyua kiuno, anashusha, ananyanyua? Anaangalia kama kifuniko kitafunga!

Winchi akajiziba mdomo asicheke. Hayo yalikuwa mazoezi yake ya asubuhi, aliyofundishwa hospitalini na mtaalamu wa viungo: nyanyua kiuno, hesabu, shusha, kisha utembee, usijifungie kitandani. Wiki ya kwanza machozi yalimtoka, na ya aibu yalizidi ya maumivu.

— Tatizo lake ni urefu, alisema Breki. Lori refu likizidiwa linapinda katikati. Ni mambo ya chasisi.

— Chasisi gani! Ni nywele. Tangu aache kunyoa kwangu, uzito wote umehamia nyuma.

— Nywele zenyewe ziko wapi? Shangazi akadakia. Mmekaa hapo tangu alfajiri, vikombe vinne vinne, mnatibu watu.

— Migongo yetu mizima, Shangazi, akajibu Breki, kwa sababu hatuihangaishi. Mgongo unatoka kiwandani na idadi yake ya kuinama. Mimi idadi yangu naitunza.

Dada akatokea kabla ya mnunuzi, daftari mkononi, mkoba begani, aandike orodha ya vifaa. Penseli ikamponyoka, ikabingirika hadi chini ya benchi.

— Nani ataniokotea? akauliza.

Breki akainama nusu, akaguna, akarudi alikotoka.

— Mwambie Kinyozi, ana mikono mirefu.

— Mimi nimeshiba, bwana.

Shangazi akaacha kumimina.

Winchi akatoka. Hakukurupuka. Akatanua miguu, akakunja magoti, akasukuma nyonga nyuma, mgongo umenyooka kama rula, akashuka, akaokota, akapanda. Kiuno kilimvuta kidogo, akapumua. Penseli hakumrudishia mwenyewe. Aliipachika sikioni.

Dada akamtazama.

— Inauma, mdogo wangu?

— Inauma, dada. Ila si kama zamani. Na kesho nitalala tena juu ya mbao.

— Na milango?

— Myepesi nitabeba. Mizito tutashika wawili.

— Wewe? Tangu lini unakubali kusaidiwa?

— Tangu penseli.

Dada akacheka, na kicheko kilipokwisha alikuwa ameshalifunga daftari.

— Mnunuzi nitamwambia mimi, akasema. Lakini kibao nilikigongelea kwa misumari sita, na mimi siking'oi.

Basi ikaamuliwa hivyo, karakana haiuzwi. Breki na Kinyozi walinyanyuka kusaidia, kila mmoja kajishika kiuno, wakaambiwa wakae. Kibao alikishusha Winchi peke yake, msumari baada ya msumari, na kila uliodondoka aliinama kuuokota.