Sauti ya Kufika Safu ya Mwisho

Jumanne, tarehe 9 Juni. Kumekucha na manyunyu. Ndani ya basi nilifungua daftari langu la masomo ya jioni, lakini Mungu anisamehe, sikusoma. Kwenye kiti cha mbele yangu mama mmoja, mwimbaji wa opera, alikuwa akifoka.

"Juzi watu wa ukumbi wamenibandika kipaza sauti kwenye nywele bila kuniambia. Nilidhani ni kibanio, nikakigundua nilipovua mapambo. Miaka kumi na moja nimejifunza kuvuta pumzi toka tumboni, sauti ifike safu ya mwisho yenyewe."

Humu hakuhitaji kipaza sauti. Dereva alishageuka mara mbili.

Jirani yake, kinyozi aliyepakata mashine zake, alisema, "Dada, mimi nilikaa safu hiyo ya mwisho. Ulinitoa machozi."

"Ulililia spika, kaka yangu."

"Sasa kosa liko wapi? Watu tumezoea muziki utupige kifuani. Bila spika mtaimba mjisikie wenyewe."

"Uliwahi kunisikia bila spika?"

Kinyozi alikuna kidevu. Hakuwahi. Nilitaka kumcheka, nikakumbuka hata mimi sijawahi.

Basi lilipunguza mwendo. Mama akasimama, akashika chuma, akatugeukia sote.

"Jumamosi naimba bila hicho kidude. Wewe kaa palepale. Neno moja likikupita, simama uniambie mbele ya ukumbi mzima, nami naahidi siimbi tena maishani. Hawa wote mashahidi."

Nilijikuta nimeitikia amina, peke yangu, na basi likasimama.